Vikaragosi sio vya watoto tu, shoga yangu

Shoga yangu,

Za siku? Wanao hawajambo? Mimi huku nipo, ila juzi nimekesha nasoma habari za vikaragosi, vile vidoli vya kuchezesha jukwaani, nikasema lazima nikuandikie, maana ni wewe uliyeniambia siku ile kwamba hayo ni mambo ya chekechea. Hapana shoga, sikubali!

Sikia. Kule Paris, pande za Montmartre, walikokuwa wamejazana wachoraji na washairi wasio na hela, kuna jamaa anaitwa Rodolphe Salis alifungua baa mwaka 1881 akaiita Chat Noir, yani Paka Mweusi. Walipohamia jengo kubwa zaidi mwaka 1885 wakaweka na kajukwaa ka vikaragosi, watazamaji ni watu wazima na ndevu zao wanakunywa bia. Sasa siku moja Jules Jouy anaimba wimbo wake kuhusu polisi, kijana mchoraji Henri Rivière akachukua kitambaa cheupe akaziba pale kwenye kajukwaa, taa nyuma, akapitisha vijipolisi alivyokata kwenye kadibodi. Vivuli tu! Ndo michezo yao ya vivuli ikaanzia hapo.

Nikakumbuka sisi kwa bibi umeme ukikatika, tunafanya mbwa na sungura ukutani kwa vidole na mwanga wa koroboi. Ila wenzetu wakaenda mbali, kadibodi wakaiacha wakaanza kukata zinki, afu Rivière akagundua kwamba umbo likikaa karibu na kitambaa linakuwa jeusi ti, ukilirudisha nyuma linafifia linakuwa kijivu, basi kwa kulipanga hivyo unapata jeshi zima linapotelea kwa mbali, na mchoraji mwenzao Caran d'Ache akaonyesha vita vya Napoleon hivyohivyo kwa vivuli. Baadaye wakaongeza na vioo vya rangi. Nyuma ya kitambaa watu kibao wamebanana wanasukuma maumbo, mbele piano inapigwa na Salis mwenyewe anasimulia. Nimeisoma hiyo sehemu mara tatu, nimependa mno!

Na hawakuwa peke yao. George Sand, yule mwanamama mwandishi mkubwa wa Ufaransa, nyumbani kwake kijijini Nohant mwanae Maurice alianza vikaragosi vya mkononi mwaka 1847, kijana anachonga vichwa vya mbao na mama anashona nguo zao, michezo wanaitungia palepale nyumbani. Mwandishi wa hadhi ile anashonea vikaragosi, halafu wewe unaniambia chekechea!

Salis alifariki 1897 na baa ikafungwa mwaka huohuo. Iliniuma kidogo kufika hapo.

Sasa nikija Desemba nakuja na kadibodi na wembe, wewe tafuta shuka jeupe lisilo na maua na ile koroboi ya bibi kama bado ipo. Watoto wakishalala tunaanza.

Wako,
mimi