Hesabu ya siku ya kwanza haitoshi kwenye kozi za kompyuta

Mhariri,

Kila muhula vyuo vinavyotoa cheti cha awali cha mifumo ya kompyuta hutangaza waliojiandikisha: wanaume wangapi, wanawake wangapi, wa umri gani. Sisi tunaofundisha kozi hizi tunaomba hesabu isiishie hapo, kwani wengi wanaohesabiwa mlangoni hawafiki kwenye cheti.

Chukua darasa la watu 24, wanawake wakiwa 6. Wakiacha wanawake 3 na wanaume 3, ripoti itasema pande zote zimepoteza sawa. La hasha! Nusu ya wanawake wameondoka, ilhali kwa wanaume ni mmoja katika kila 6. Asilimia ya walioacha ipigwe ndani ya kila kundi. Na kwa kuwa madarasa ni madogo, zijumlishwe takwimu za madarasa matatu yaliyofuatana kabla ya kudai kuna mwelekeo.

Wanafunzi wahesabiwe wanapoomba, wiki ya kwanza, baada ya jaribio la kwanza la vitendo, na wanapomaliza. Wakipungua kabla ya masomo kuanza, tazama ada na ratiba. Wakipungua baada ya vitendo, ingia karakana.

Huko utakuta watu wanne kwenye kompyuta moja. Bisibisi humwendea aliyewahi kufungua mashine nyumbani. Wengine, mara nyingi wasichana na watu wazima waliorudi shule, huachiwa daftari. Siku ya jaribio ndiyo mara yao ya kwanza kuchomeka RAM, kipande cha kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Wanaogopa kuikandamiza, kibano cha upande mmoja hakifungi, skrini inabaki nyeusi, wanaandikiwa wameshindwa. Walichokosa ni mazoezi tu. Wakae wawili kwa mashine, wabadilishane kila dakika 20, na kila mmoja atoe RAM na kuirudisha mpaka mashine iwake. Mkufunzi atie saini kwenye jina la mtu, asiweke alama ya kikundi.

Umri nao hupotosha. Kijana wa miaka 19 aliyekulia kwenye simu janja huenda hajawahi kuhamisha faili kutoka folda moja hadi nyingine, kazi ambayo mtu wa miaka 40 aliyetoka ofisini huifanya bila kufikiri. Fomu ya kujiunga iulize: umewahi kutumia kibodi na kipanya? Una kompyuta nyumbani? Unafanya kazi saa ngapi kwa wiki? Mwenye ajira akikosa karakana hawezi kuifidia kwa kusoma kitabu, hivyo kipindi hicho kirudiwe jioni au mwisho wa wiki.

Kozi nyingi za ngazi hii huandaa watu kwa CompTIA A+, cheti cha kimataifa cha mafundi wa kompyuta wanaoanza, chenye mitihani miwili, kila mmoja maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na kila mmoja hulipiwa peke yake. Mtu anaweza kumaliza masomo vizuri akashindwa kulipia mtihani wa pili. Chuo kioneshe pia waliofanya yote miwili, kwa jinsia, umri na ajira.

Takwimu za kundi lenye watu chini ya 5 zisichapishwe peke yake. Ukiandika kwamba mwanamke mmoja wa zaidi ya miaka 50 alishindwa, darasa zima litajua ni nani.

Wakufunzi wa mifumo ya kompyuta