Kwenu wajukuu mliommulika kasa

Wajukuu zangu wa kidato cha tatu,

Nimestaafu kufundisha baiolojia, lakini usiku ule pale Juani, kisiwani Mafia, niliikumbuka bakora yangu. Kasa wa kijani ndiyo kwanza anatoka majini. Mkamzunguka, taa za simu zinawaka, mmoja wenu akamkalia mgongoni apigwe picha. Mara mama wa watu akageuka, akarudi baharini na mayai yake tumboni.

Asubuhi nikawauliza: kasa anafanana nini na huu uoto wa kijani ulio ukutani kwa birika? Mkacheka. "Babu, kasa mnyama, hii kuvu." Kuvu! Ule ni mmea, ndio kigoga (Waingereza huuita moss), na una ndugu zake wengi. Mmoja, Bryum argenteum, huota kwenye kuta za mijini na hata Antaktika. Vijani anavyo, mizizi ya kweli hana.

Jibu lenyewe ni hili. Kasa ni wa bahari, lakini yai lake likizama majini kinda hufa humo ndani kwa kukosa hewa, kwa hiyo lazima apande pwani. Mmea ule ni wa nchi kavu, lakini mbegu yake ya kiume ina mikia miwili na lazima iogelee kulifikia yai. Pasipo maji, walau unyevu wa mvua, hakuna mimba. Kila mmoja ana deni upande asiokaa.

Tofauti andikeni wenyewe. Mmea hukauka kama karatasi, mvua ikinyesha ukafufuka. Jinsia ya kasa huamuliwa na joto la mchanga. Joto likizidi nyuzi 29 za Selsiasi au hapo karibu, majike huwa wengi.

Nirudi kwenye taa, maana ndipo panaponiuma. Kasa yule alikua miaka ishirini na zaidi kabla ya kuweza kutaga. Kabla hajaanza kutaga, mwanga na vishindo humtimua. Na makinda yakitoka mchangani, baada ya miezi miwili hivi, hukimbilia penye mwanga, yakidhani ndiko bahari. Wakubwa nasi tunajenga mahoteli hadi mchangani, taa usiku kucha, kisha tunawaagiza ninyi insha za mazingira. Aibu yetu hiyo.

Safari ijayo simu zote zitakaa kikapuni kwangu. Na wewe uliyemkalia kasa, mama yako nilimfundisha: njoo nyumbani Jumamosi na daftari. Chai ipo, na mkate wa kumimina.

Babu yenu