Shoga, nendeni Shela

Shoga yangu,

Salamu nyingi, sisi huku wazima alhamdulillahi, watoto wamefungua shule nyumba imetulia kidogo ndo nimepata nafasi ya kukujibu vizuri. Kwanza hongera, miaka ishirini ya ndoa na mtu mmoja si mchezo, na nimefurahi sana kusikia shemeji mwenyewe ndo ametoa wazo la safari. Umesema hamtaki makelele, mnataka hoteli ya kizamani, bahari iwe karibu, mkae nyinyi wawili tu. Bas jibu langu ni Shela, kule Lamu, na nitakueleza kwa nini manake umeniambia shemeji ashaanza kuangalia zile hoteli kubwa za Diani.

Diani ni pazuri, mchanga wake hata mimi naupenda sana. Lakini zile hoteli kubwa nyingi zimejengwa kwa mtu anayetaka kushughulishwa, unavikwa mkanda mkononi, bafe asubuhi mchana jioni, animesheni, yaani michezo ya kuchangamsha wageni, kando ya suimingi pul, usiku muziki mpaka uchoke. Kwa mwenye watoto ni sawa kabisa. Nyinyi miaka yote mmekuwa mkiongea fizi za shule na rehani ya nyumba na nani atampeleka mama hospitali, sasa mkienda tena kushughulishwa mtarudi Nairobi hamjaongea kitu. Na tangu treni ya SGR ianze 2017 mtu anatoka Nairobi asubuhi jioni yuko baharini, Disemba na Pasaka mtapishana na majirani zenu wa Donholm hapo ufuoni.

Shela hakuna magari. Vichochoro ni vya miguu na punda, bas. Mnashuka ndege pale kisiwa cha Manda, mnavuka mkondo kwa boti, na mpaka mguu ukanyage gati ya Shela ushaanza kupumua tofauti. Pale mwisho wa kijiji, ufuo unapoanzia, ndo kuna Peponi Hotel, iko hapo tangu 1967 na bado iko mikononi mwa familia ileile iliyoianzisha, na nadhani hiyo ndo siri yake, hakuna kampuni ya mbali inayoibadilisha kila baada ya miaka mitano ifanane na nyingine. Nyumba nyeupe ya chini, baraza inaangalia mkondo, mashua zinapita mbele yako umekaa na chai yako. Mimi nikisema kizamani namaanisha hivo, mahali ambapo mtu wa mapokezi siku ya pili anakujua, chakula kina saa yake, na jioni hakuna anayekuja na spika kukuuliza kama una raha.

Ikiwa bei itawakaba, na inaweza kukaba, usikate tamaa, ulizia nyumba za zamani za Shela zilizogeuzwa gesti. Nyingine kwa maoni yangu zina mapenzi kuliko hoteli yoyote. Kuta nene za matumbawe na chokaa, ndani baridi hata jua la saa saba, zidaka ukutani za kuwekea taa, na vyumba ni virefu vyembamba kwa sababu dari inashikwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, huwezi kuipitisha hapo, kwa hivo upana wa chumba umeamuliwa na mti. Juu kuna kipaa cha makuti, upepo unapita, mnalala hapo mchana na usiku nyota zote zenu.

Sasa jambo kubwa, tarehe. Harusi yenu ilikuwa mwezi wa tano, lakini tafadhali msiende mwezi wa tano. Ndo mvua za masika na kusi limeshaingia, bahari imechafuka, na Peponi kwa kawaida hufunga kipindi hicho mpaka kama mwezi wa sita hivi. Hii ndoa yenu haitapungua kitu mkiisherehekea mwezi wa kumi, upepo umepoa na bahari imetulia, au msubiri Januari Februari kaskazi ikivuma, jua kali lakini maji safi. Novemba uliza kwanza, manake tamasha la utamaduni la Lamu mara nyingi linaangukia hapo, vinakuwa vifijo na mashindano ya punda na vyumba vinajaa. Maulidi pia hivohivo, tena Maulidi ya Lamu watu wanatoka mpaka Tanzania na Visiwani. Ni raha kubwa kuziona hizo siku lakini si utulivu mnaoutafuta.

Na usibuki kwa simu ya kubonyeza tu, shoga. Piga uongee na mtu. Uliza chumba kinaangalia wapi, uliza jenereta iko upande gani manake stima ikipotea ndo utajua kama ulichagua vizuri, uliza kuna harusi au kundi la watu wiki hiyo. Uliza pia bei ya wakaazi, na mbebe vitambulisho, tofauti yake inaweza kuwalipia boti zote. Anayejibu maswali haya kwa upole na bila haraka, hata kabla hujalipa, hiyo hoteli ishaanza kukuonyesha itakavyokutunza.

Utulivu wa Shela lakini si wa kimya kabisa, nisikudanganye. Alfajiri kuna adhana, msikiti wa Ijumaa wa pale ni wa 1829, na punda wakianza kulia wanalia kweli. Mimi naipenda sauti hiyo, ni ya kijiji kinachoishi. Kwa hivo mpeleke heshima pia, wewe leso mbili tatu, na mwambie shemeji asipite vichochoroni kifua wazi. Kushikana kupindukia muwachie chumbani.

Ufuo wenyewe unakwenda kama kilomita 12, upande mmoja bahari upande mwingine vilima vya mchanga, na hivyo vilima usivione bure, ndo vinavyohifadhi maji matamu ambayo mji wa Lamu unayategemea. Tokeni mapema kabla jua halijakaza, nusu saa tu mbele hamtaona mtu. Kuogelea ogeleeni karibu na kijiji, huko mbali bahari imefunguka na mawimbi yana nguvu.

Siku moja chukueni mashua mwende Takwa, magofu ya mji wa kale kule Manda. Njia ni mkono wa bahari katikati ya mikoko na haupitiki maji yakitoka, kwa hivo nahodha ndo atakayewapangia saa, msibishane naye. Mwambieni asimame njiani awachomee samaki. Hiyo siku moja inatosha kabisa kwa matembezi, zilizobaki kaeni.

Alafu kitu kimoja wewe ukishughulikie mwenyewe bila kumwambia shemeji. Ukifika tu muulize mmoja wa akina mama pale nani anafunga vikuba, vile vishada vya asumini. Asumini usizibebe kutoka Nairobi, zitanyauka, pale zinapatikana mbichi jioni. Udi na kitezo kidogo weka kwenye mkoba. Chumba cha zamani kikifukizwa udi, neti imeshushwa, asumini kitandani, mimi sijui mnataka nini zaidi.

Shemeji akikataa kabisa kupanda ndege, mwambie Malindi, ile Driftwood pale Silversands, nayo ni ya kizamani na ina watu wake. Ila mto Sabaki ukifurika maji ya Malindi yanageuka rangi ya udongo, kwa hivo huko pia epukeni mvua. Lakini mimi moyo wangu uko Shela na nakuomba umsukume kidogo.

Nitumie tarehe mkishaamua, nina binamu wa mume wangu ana boti pale Manda, nitamwambia awapokee msihangaike na mizigo. Na watoto waleteni kwangu, hawa wa huku wanawauliza kila likizo. Msalimie shemeji sana.

Wako,
shoga yako wa Kisauni