YAH: PEDI NNE ZA PS4, PEDI YA KOMPYUTA NA MAIKI YENU YA MLANGONI

Morogoro,
9 Machi 2026

Kwa Meneja,
Duka la Vifaa vya Gemu,
Kariakoo, Dar es Salaam

Ndugu Meneja,

Salaam. Natumaini biashara inakwenda vizuri. Siku niliyokuja hapo dukani ilikuwa inakwenda vizuri sana, watu wamejaa mpaka barazani, na kujaa kwao ndiko kumenifanya niandike badala ya kunyamaza.

Sitawaeleza dhamana yenu inasema nini. Mmeiandika wenyewe na mhuri mmeupiga wenyewe. Nakala yangu iko kwenye bahasha moja na risiti, na hiyo risiti tutaizungumza mbele.

Jumamosi ya tarehe 28 Februari nilipanda treni ya SGR ya asubuhi nikiwa na mfuko wenye vitu mlivyoniuzia vikanisumbua: pedi nne za PS4, yaani vile vishikio vya kuchezea gemu, pedi moja ya kompyuta na nyaya mbili, pamoja na laptopu yangu. Nilikuwa na swaumu yangu. Nikafika kaunta, nikasalimia, nikamweleza shida yangu taratibu kijana wenu wa kofia nyekundu, yule anayeshika maiki ya kuita wateja. Nikawasha laptopu aone kwa macho yake, maana ubishi wa mdomo haumalizi kitu. Sijafika mwisho, akaifunga ile laptopu kidole changu kikiwa bado kwenye kibodi, kisha akasema kwenye maiki neno kuhusu mimi ambalo mwanamke wa umri wangu haliandiki kwenye barua. Watu wakacheka. Nikakusanya vitu vyangu nikatoka.

Kwa ufupi ndivyo ilivyokuwa. Ninachoomba si kikubwa: nibadilishiwe pedi. Sasa tuje kwenye bidhaa zenyewe.

Nina banda la gemu, PS4 mbili, PS5 moja na kompyuta moja. Tarehe 31 Januari, kabla sijatoa hata shilingi, nilimuuliza muuzaji wenu swali moja tu: pedi ya PS4 itacheza kwenye PS5? Akanijibu, "Mama, hiyo inaingia kila kitu."

Kuingia inaingia. Unaichomeka, taa inawaka, moyo unatulia. Ukifungua gemu ya PS5 yenyewe, skrini inakuandikia kwamba pedi hiyo haitumiki. DualShock 4, yaani hiyo pedi ya PS4, kwenye PS5 inacheza gemu za PS4 tu, basi. DualSense, pedi ya PS5 yenyewe, imetoka pamoja na PS5 Novemba 2020, ni zaidi ya miaka mitano, na watoto wa darasa la nne wanaokuja bandani kwangu wanalijua hili. Muuzaji wa duka la gemu Kariakoo halijui? Au analijua, ila DualSense zilikuwa zimemwishia? Angenieleza ukweli ningeongeza hela au ningeondoka na hela yangu. Ndiyo sababu ya mtu kuuliza kabla ya kulipa.

Hizo tatu nyingine, zilizokwenda kwenye PS4, mliniuzia 65,000 kila moja kwa jina la "original". Moja ni nzima, sisemi uongo. Mbili ni kopi. Ile sehemu ya kugusa katikati imekufa, ni plastiki tu. Taa nayo haibadiliki: kwenye PS4 mchezaji wa kwanza anapata bluu, wa pili nyekundu, wa tatu kijani, wa nne pinki, ila za kwenu zote ni bluu, vijana wanagombana nani ni nani. Zinakata katikati ya mechi. Nilidhani ni mambo ya kuziunganisha, nikageuza nyuma nikatafuta kile kitundu kidogo karibu na kitufe cha L2 kinachoiwasha pedi upya, nikachomeka pini ya hijabu yangu nikahesabu mpaka kumi. Hakuna kitufe mle ndani, Ndugu Meneja. Kitundu ni pambo. Mtu kakaa huko alikokaa akachonga kitundu ili pedi ifanane na pedi.

Nyaya mbili mlizoniuzia 5,000 kila moja zinachaji tu, hazipitishi data. Pedi ya PS4 kwa kawaida haijitambulishi kwa konsoli mara ya kwanza bila waya unaopitisha data, unabonyeza kile kitufe cha PS mpaka kidole kinauma. Usiku mzima tulihangaika tukidhani konsoli imeharibika. Asubuhi nikaazima waya wa simu ya zamani kwa jirani anayeuza chipsi, pedi ile nzima ikashika mara moja.

Sasa kompyuta. Hapa naomba msome polepole kwa sababu hapa mmeniharibia kitu ambacho hakinunuliki.

Mlinitoza 20,000 ya "kusetiwa". Pedi ikawa Windows inaiona ila gemu haiioni. Nikapiga kwa fundi wenu, nikamweleza hivyohivyo: Windows inaiona, gemu haiioni. Hakuniuliza pedi ni ya aina gani wala gemu ni ipi. Akasema, "Fomati hiyo kompyuta, itakaa sawa." Mpwa wangu akafomati. Zikaondoka save zote za PES, ile gemu ya mpira, yaani kumbukumbu za misimu ya vijana ambao wengine wamekuwa wakicheza timu moja tangu mwaka juzi, wanalipa 500 kwa mechi, wanakuja kwangu na si kwa jirani kwa sababu msimu wao upo kwangu. Kijana mmoja wa bodaboda aliuliza, "Mama, Simba yangu iko wapi?" Nikakosa la kumjibu.

Na baada ya kufomati, hali ikabaki ileile.

Tatizo lilikuwa nini? Hiyo pedi ina hali mbili. Inaweza kujitambulisha kwa mtindo wa zamani, na inaweza kujitambulisha kama pedi ya Xbox, yaani XInput, ule mtindo uliokuja na Xbox 360 mwaka 2005, ambao gemu nyingi za Windows ndio zinaoutaka. Kubadilisha, unashikilia kitufe cha katikati sekunde tano. Sekunde tano! Taa zinacheza, gemu inaiona, umemaliza. Mpwa wangu aliligundua kwa bahati, alikuwa anakishikilia kile kitufe kwa hasira. Fundi mwenye kulipwa 20,000 alishindwa kuniambia "shikilia kitufe cha katikati", akaona rahisi zaidi nifute kompyuta nzima.

Hata baada ya hapo analogi ya kushoto, kile kijiti cha kumwongozea mchezaji, ikawa inavuta. Mchezaji anatembea mwenyewe kwenda kwenye kona, huku mtoto ameshusha mikono. Pedi ya wiki tatu. Analogi ikichakaa baada ya mwaka nitaelewa, bandani wanazikandamiza kweli. Wiki tatu hapana.

Nirudi kaunta, maana mwanzo nimeandika nusu kwa kuona aibu, na aibu si ya kwangu.

Nilichokuwa namwonyesha kwenye laptopu ni hiki. Nimebonyeza Windows na R, nimeandika joy.cpl, nimefungua sehemu ya kujaribu pedi. Kuna kisanduku, ndani kuna kimsalaba. Pedi nzima ukiiacha, kimsalaba kinakaa katikati. Cha kwenu kilikuwa kimelala pembeni kushoto, kinatetemeka. Kijana wenu alikiona. Najua alikiona kwa sababu aliishika pedi mwenyewe, akazungusha analogi kwa dole gumba, akaiachia, na kimsalaba kikarudi kulekule pembeni. Akanitazama. Nakiri hapo sauti yangu ilipanda kidogo, nilisema, "Si umeona mwenyewe?" Ndipo akaifunga laptopu. Ukucha wa kidole cha shahada umeingia damu, mpaka leo ni mweusi. Hakusema hata pole. Akachukua maiki, na spika yenu imening'inia juu ya mlango imeelekea mtaani, akasema: "Haya haya wateja wangu, kuna mama hapa pedi zake hazimkai vizuri, nani ana saizi yake?"

Nimeliandika. Sasa na ninyi mlisome.

Mchana wa Ramadhani, mtaa umejaa. Mmachinga wa soksi alicheka mpaka akaegemea meza yake. Kulikuwa na baba mmoja na wanawe wawili wa kike, yeye hakucheka, aliwashika mikono akaondoka nao, nadhani mlipoteza mteja pale. Na nyuma ya kaunta, kwenye kiti cha magurudumu, kulikuwa na mtu anahesabu fedha. Aliinua kichwa, akatabasamu, akarudi kwenye fedha zake. Kama mtu huyo si wewe, Ndugu Meneja, naomba radhi. Kama ni wewe, basi barua hii haina haja ya kukueleza mengi.

Tangu siku ile nimetuma ujumbe wa WhatsApp mara nne. Tiki zimekuwa za bluu zote nne. Jibu sijapata.

Niliandika hapo juu kwamba naomba kubadilishiwa pedi. Nimeisoma upya barua yangu na nafuta. Sitaki pedi zenu. Nataka fedha: pedi nne 260,000, ya kompyuta 75,000, nyaya 10,000, kusetiwa 20,000, nauli ya treni kwenda na kurudi 26,000. Jumla 391,000. Mniongeze na 150,000 ya konsoli kukaa bila kazi usiku wa Ramadhani, baada ya futari, saa ambazo banda ndipo hujaa. Zinakuwa 541,000. Ile pedi moja nzima nayo nawarudishia, nisije nikaambiwa nimekula cha mtu.

Na kijana wa kofia nyekundu aniombe radhi kwa maiki ileile, spika ileile, Jumamosi saa saba mchana. Siku hiyo niambieni, nitapanda treni nije nisikie.

Nawapa siku saba tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita, pedi mbili za kopi nazipeleka Tume ya Ushindani, FCC, pamoja na dhamana yenu yenye neno "original" na mhuri juu yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 mnaifahamu kuliko mimi, ninyi ndio mko kwenye biashara kubwa.

Halafu ile risiti. Nimelipa 365,000, ujumbe wa muamala ninao kwenye simu. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mliyonipa imeandikwa 90,000. Ni kosa langu kutoikagua palepale, niliikunja nikaitia kwenye pochi nikiwahi treni. Lakini nimeshaikunjua, na ofisi ya TRA, wakusanya kodi, hapa Morogoro si mbali na banda langu, nikitembea kwa miguu nafika.

Pedi zote nimezifunga kwenye mfuko uleule mweusi wenye jina la duka lenu. Sizitumi kwa basi. Mtu wenu azifuate mwenyewe, akiwa na fedha mkononi.

Namba yangu ya simu mnayo, ni ile yenye tiki nne za bluu.

Wenu mteja,
Mama mwenye banda la gemu,
Kihonda, Morogoro.