Barua ya malalamiko: onlei ya gego langu mliyoigandisha juu ya mate

Kwa Meneja,
Kliniki ya Meno.

Ndugu Meneja,

YAH: ONLEI YA GEGO LA CHINI KUSHOTO ILIYOTOKA BAADA YA SIKU 9, NA MKONO WANGU ULIOSHUSHWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini hamjambo hapo kliniki. Mimi sijambo upande wa kulia wa mdomo. Upande wa kushoto ndio ulionifanya nikae chini kuandika.

Sitaeleza historia yote. Faili langu mnalo, na masharti ya dhamana mmeyaandika wenyewe, mkayatia fremu, mkayatundika juu ya kichwa cha dada wa mapokezi, kwa hiyo mnayajua kuliko mimi. Naingia kwenye jambo lenyewe.

Siku ya kugandisha onlei, yaani kile kipande cha kauri cha kufunika sehemu ya gego iliyovunjika, daktari wenu aliniambia kabla hajaanza: "Ukisikia chochote kisicho cha kawaida, inua mkono wa kushoto, nitasimama." Nilishukuru kwa dhati, maana mtu aliyepigwa ganzi na kuachamishwa mdomo hana namna nyingine ya kusema. Jino likapakwa asidi, likaoshwa, likapulizwa hewa hadi likakauka. Hapo simu yake ikaita. Akaipokea! Akaibana kati ya sikio na bega, akaanza kuongea na fundi wa gari lake habari za breki. Mrija wa kunyonya mate ulikuwa umeteleza ukabaki umenasa shavuni, unanyonya hewa tu na kukoroma. Pamba zilishalowa. Nusu ya ulimi wangu ilikuwa imekufa ganzi, lakini nusu iliyobaki ilikuwa hai, nayo iliyajua mate yalipofika kwenye gego lile lile lililotoka kukaushwa. Nikainua mkono. Msaidizi wake akaukamata, akaushusha, akaulaza juu ya tumbo langu kama anayemzuia mtoto asing'oe bandeji. "Tulia mama, tunamalizia." Daktari akaweka gundi, akabandika onlei, akaikandamiza kwa kidole, akaimulika kwa ile taa ya bluu. Mazungumzo ya breki hayakukatika hata mara moja.

Siku 9 baadaye onlei ilikuwa mkononi mwangu.

Nieleweke vizuri: sina ugomvi na onlei. Nilishauriwa na nikakubali kwa akili zangu timamu. Gego langu lilikuwa limepoteza ncha mbili za upande wa ulimi, na zile tatu za upande wa shavu zilikuwa nzima, imara. Kuziba kwa kawaida kusingefaa, kwa sababu kipande cha kuziba mara nyingi hakihimili kusimama badala ya ncha mbili zinazobeba nguvu ya kutafuna. Kofia ya kulifunika jino lote ingefaa, lakini ingebidi jino lisagwe pande zote, ncha nzima zitolewe mhanga kwa ajili ya zilizovunjika. Onlei ya kauri inafunika pale palipoharibika na kuacha kilicho kizima. Daktari wenu mwenyewe alinichorea hayo kwenye karatasi, na alichora vizuri sana. Siku ile hakuwa na simu.

Ila alichosahau kuchora ni kwamba onlei, tofauti na kofia, hailikumbatii jino pande zote. Karibu uhai wake wote uko kwenye gundi. Gundi ikikosa, imekosa. Na ili ikae, zilisagwa takriban milimita 2 za jino langu hapo kwenye zile ncha zilizovunjika, na jino la mtu mzima likishasagwa halioti tena. Ndiyo maana nasema hamkuniharibia kipande cha kauri peke yake. Kauri itatengenezwa nyingine maabara. Jino langu hakuna maabara inayolitengeneza.

Tukirudi nyuma kidogo (samahani, naandika kwa hasira na mambo yanakuja jinsi yanavyokuja), onlei ya muda mliyoniwekea baada ya kuchukua vipimo mlisema ni ya wiki 2, zikizidi sana 3. Nilikaa nayo wiki 7. Mara mbili ilidondoka, mara mbili nikaja, mara mbili nikarudishiwa na kuambiwa "maabara wamechelewa". Katika wiki hizo 7 sikupigiwa simu hata moja ya kunieleza lolote. Nilipigiwa moja tu, ya kukumbushwa kumalizia salio. Nililimalizia siku ile ile. Risiti ninayo.

Halafu kuhusu kung'ata. Baada ya kugandisha, daktari aliniwekea ile karatasi ya rangi katikati ya meno mara moja, akasema "ng'ata", akasema "safi", akavua glavu. Mdomo wangu ulikuwa ganzi hadi kidevuni, ningejuaje kama nimeng'ata sawa au nimejing'ata shavu? Usiku ganzi ilipoisha nikagundua gego lile linagusa kabla ya meno mengine yote. Kila nikifunga mdomo linatangulia lenyewe. Kesho yake nikapiga simu, nikajibiwa na sauti iliyochoka: "Utalizoea." Mama mzima nikakaa siku 9 natafuta namna ya kufunga mdomo wangu mwenyewe bila kuugulia.

Sasa siku ilipotoka. Sikuwa natafuna kitu. Nilikuwa napitisha uzi wa kusafishia meno, kama kile kijikaratasi chenu kinavyoagiza, kila usiku, taratibu. Uzi ukanasa ukingoni, nikauvuta kidogo, onlei ikaja nao. Nzima, bila ufa, bila kumeguka hata pembe. Nikaigeuza chini ya taa ya bafuni. Upande wa ndani ulikuwa na gundi yote, tabaka zima, laini, linang'aa, na juu yake kulikuwa na alama ya umbo la jino langu kama muhuri uliopigwa kwenye nta. Nikatazama jino kwenye kioo: jeupe, safi, halina hata chembe ya gundi. Mimi si daktari, lakini hata mimi niliona kwamba gundi iliishika kauri vizuri kabisa, na jino haikulishika hata kidogo.

Nikaileta asubuhi, nimeifunga kwenye karatasi laini. Daktari yule yule akaichukua kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda usiofika sekunde 3, akasema mbele ya wagonjwa wanne waliokuwa wanasubiri: "Hii umetafunia kitu kigumu." Nikamwambia ilitoka na uzi. Akasema, "Wote husema hivyo." Dada wa mapokezi, kabla hata sijauliza, akanionyesha kwa kalamu kile kifungu cha kwenye fremu: dhamana haihusu uzembe wa mgonjwa. Uzembe wa mgonjwa! Halafu nikaelezwa kwamba jino sasa huenda likahitaji kutibiwa mzizi na kuvalishwa kofia, na kwamba gharama zote ni zangu.

Niliondoka. Sikutukana mtu. Wapo mashahidi wanne.

Nilikwenda kwa daktari mwingine, ambaye sitamtaja kwa sababu hakuniomba nimsemee. Swali lake la kwanza, kabla hajagusa chochote, lilikuwa: "Walikufungia mpira?" Sikumwelewa. Akanionyesha kitambaa chembamba cha mpira chenye tundu, jino linatokeza peke yake kwenye tundu, na mate, ulimi na shavu vyote vinabaki nyuma ya pazia. Akasema wapo madaktari wanaofanya kazi hiyo kwa pamba na mrija tu na ikatoka vizuri, mradi wako makini. Lakini mate yakigusa jino baada ya asidi, kazi inarudiwa: unaosha, unakausha, unaanza upya. Nikamuuliza kuanza upya kunachukua muda gani. Akasema dakika chache.

Dakika chache, Ndugu Meneja.

Ndiyo maana narudi kwenye mkono wangu, maana mara ya kwanza nilieleza kwa ufupi, kwa aibu.

Niliuinua mkono ule mara mbili. Mara ya kwanza niliuinua kwa adabu, kiganja kimefunguka, kama mwanafunzi darasani. Daktari aliuona. Najua aliuona kwa sababu macho yake yalihama kutoka mdomoni mwangu, yakatua kwenye mkono, yakarudi, huku anamwambia fundi, "Hapana, hizo za mbele usibadilishe." Nikasubiri. Mate yakaendelea kupanda. Nikauinua tena, juu zaidi, nikatikisa vidole. Hapo ndipo msaidizi alipoushika, si kwa ukali, ningesamehe ukali. Aliushika kwa upole wa kudharau, akaulaza tumboni, akaubonyeza kidogo ili ubaki pale. Kisha akasema kwa sauti ya utani, "Mama naye anataka kuongea na fundi." Na daktari akacheka. Alicheka, Ndugu Meneja, na kicheko kile nilikisikia kupitia kidole chake, kwa sababu kidole chake kilikuwa mdomoni mwangu kinakandamiza onlei juu ya mate niliyokuwa najaribu kumwambia habari zake. Mimi nimelala, kichwa chini kuliko miguu, taa machoni, machozi yananitiririkia masikioni, na siwezi hata kuyafuta kwa sababu mkono umeshikwa.

Nimewahi kungojeshwa, nimewahi kutozwa zaidi, hayo ni ya dunia. Kushushwa mkono nilioambiwa niuinue sijawahi.

Basi, ninachotaka. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba kitu kimoja: nirudishiwe fedha zote za onlei, kuanzia vipimo hadi kugandisha. Bado naziomba. Lakini nikiisoma barua hii upya naona haitoshi. Naomba pia mlipie onlei mpya nitakayotengenezewa kwa daktari wangu wa sasa, maana kwenu sirudi, hata mnifuate kwa gari lenye breki mpya. Kama mshipa wa jino utakufa kwa sababu ya wiki 7 za kifuniko cha muda na siku 9 za kung'ata vibaya, matibabu ya mzizi ni juu yenu. Daktari wangu anasema mshipa kwa sasa bado uko hai ingawa umechokozeka. Itajulikana baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo nataka ahadi hiyo kwa maandishi sasa hivi, isiwe mpaka jino liume.

Nataka nakala kamili ya faili langu pamoja na picha za eksirei za kabla na za baada. Msinijibu kwamba mashine imeharibika.

Nataka barua ya kuniomba radhi iliyosainiwa na daktari na msaidizi, na itaje simu, na itaje mkono. Barua ya "tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza" msijisumbue kuituma. Nitaichukulia kama tusi la pili.

Na lile neno "uzembe wa mgonjwa", kama mmeliandika popote kwenye faili langu, likatwe, na pembeni iandikwe sababu ya kweli.

Nilitaka kuwapa siku 14. Nimebadili mawazo nilipofika kwenye aya ya kicheko. Mnazo siku 7 tangu mnapoipokea barua hii. Siku ya 8 malalamiko haya yatakuwa kwenye meza ya baraza linalosajili madaktari wa meno, pamoja na majina yote mawili, ambayo kwa heshima yenu nimeyaacha nje ya barua hii. Siku ya 9 nitamwona wakili. Na wale wagonjwa wanne waliosikia "umetafunia kitu kigumu", wawili walinipa namba zao za simu hapo hapo mlangoni, bila mimi kuwaomba.

Onlei ninayo mimi. Imo ndani ya kichupa kitupu cha vidonge, na gundi yake yote, na ule muhuri wa jino langu. Msiniambie niilete muikague. Mlishaikagua kwa sekunde 3. Daktari wangu ameipiga picha pande zote, na haitoki mkononi mwangu hadi nipate majibu.

Wenu,
Mwenye gego la chini kushoto.

N.B. Nimepokea ujumbe wenu wa asubuhi ya leo unaoniuliza ningependa kuwapa nyota ngapi kati ya 5 kwa huduma niliyopata. Majibu ni barua hii.