Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Waonja Mvinyo

Ndugu Mlezi wa chama, ndugu Makamu Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina, wajumbe wa kamati, na ndugu wanachama mliofika,

Nawashukuru kwa kuitikia wito. Nasema "mliofika" kwa makusudi, maana chama chenye wanachama 46 kwenye daftari hakikupaswa kusubiri akidi dakika 50 kabla ya kufungua mkutano wake mkuu. Nitalirudia hili.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tulipanga vikao 12 vya kuonja, tukafanya 10. Mivinyo iliyoonjwa ni 95: myekundu 50, myeupe 31, ya waridi 8 na ya povu 6. Orodha mbili za mivinyo iliyostahili bei yake zilitoka na kila mwanachama alipata nakala. Tulinunua glasi 60, zimevunjika 7. Somo la kutambua kasoro za mvinyo lilifanyika, na wengi mlilisifia. Vikao viwili vilivyoahirishwa vilikwama kwa fedha, wala si kwa uzembe wa kamati kama ilivyosemwa pembeni.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta baadhi yenu leo.

Mwanzoni mwa mwaka kamati iliamua kwamba chupa zote zifunikwe wakati wa kuonja, na bei isitajwe mpaka karatasi za alama zikusanywe. Pendekezo lilikuwa langu, na sioni sababu ya kujificha nyuma ya neno "kamati". Mifuko 14 ya kitambaa cheusi nimeishona mimi mwenyewe, nyumbani kwangu, bila kukidai chama hata uzi. Tangu siku hiyo nimeambiwa kwamba nimeondoa raha, kwamba mvinyo mzuri unavunjiwa heshima ukivikwa gunia, na kwamba nawatilia shaka wazee wa chama. Naomba mnisikilize.

Nilichokiona kwa macho yangu mwaka uliotangulia ni hiki. Chupa imekaa katikati ya meza, nzito, kitako chake kina shimo la kuingiza dole gumba, lebo ina maandishi ya dhahabu. Mwanachama mwenzetu, jirani yangu mezani, alionja, akatema, akafikiri, akaandika alama 15 kati ya 20. Kabla wino haujakauka, mkubwa mmoja upande wa pili akasema, "Huu sasa ndio mvinyo." Jirani yangu akaikata ile 15, akaandika 18. Hakuonja tena. Ile 18 ndiyo iliyoingia kwenye orodha yetu, na ndiyo mliyoitegemea mlipokwenda kununua.

Huo si udhaifu wa mtu mmoja. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliwapa watu mvinyo ule ule mara mbili, mara moja wakiambiwa ni wa dola 10, mara nyingine dola 90, huku ubongo wao ukipigwa picha. Waliupenda zaidi ulipotajwa kuwa ghali, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha nayo iliamka zaidi. Mwaka 2001, mjini Bordeaux, Ufaransa, mtafiti Frédéric Brochet aliwapa wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo glasi mbili, moja nyeupe, moja nyekundu. Ile nyekundu ilikuwa mvinyo mweupe uleule uliotiwa rangi isiyo na ladha, na wanafunzi waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hao walikuwa wanasomea kazi hiyo. Sisi ni nani tusidanganywe na macho?

Tena kufunika chupa hakuuvunjii mvinyo heshima, kunaupa haki. Tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, Steven Spurrier, Mwingereza aliyekuwa na duka la mvinyo pale, aliwakalisha waonjaji wakubwa wa Ufaransa mbele ya mivinyo ya nchi yao na ya California, lebo zikiwa hazionekani. Kwa alama za Wafaransa wenyewe, mvinyo mweupe wa Chateau Montelena wa 1973 uliongoza weupe, na mwekundu wa Stag's Leap Wine Cellars wa 1973 uliongoza wekundu. Yote miwili ya California. Lebo zingekuwa wazi, nani kati yetu anaamini matokeo yangekuwa hayo?

Sasa kuhusu chupa ya marudio, yaani mvinyo mmoja uliotolewa mara mbili katika kikao kimoja bila wanachama kuambiwa. Hapa ndipo jina langu lilipochafuliwa, na nitaeleza kwa urefu.

Robert Hodgson, profesa mstaafu aliyefundisha takwimu na mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo California, aliwapima waamuzi wa mashindano ya mvinyo ya jimbo lake kwa kuwapa mvinyo wa chupa moja mara tatu ndani ya kundi moja la glasi, bila wao kujua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: takriban mwamuzi 1 kati ya 10 tu ndiye aliyeweza kuurudia uamuzi wake ndani ya daraja moja la medali. Nilipoisoma habari hiyo sikulala vizuri. Sisi tunawaambia watu "nunua hiki, acha kile". Je, tunajua tunachosema?

Ndiyo maana katika kikao cha 4, glasi namba 3 na glasi namba 9 zilikuwa mvinyo mmoja. Waliojua ni Katibu na aliyemimina. Mimi sikuambiwa namba, na karatasi yangu ilipimwa kama zenu. Chupa 3 zilichanganywa kwenye jagi moja la kioo kabla ya kikao, ili mtu asije akasema chupa zilitofautiana. Watu 22, mililita 50 kila glasi, mara mbili: zilihitajika mililita 2,200, na chupa 3 ni mililita 2,250. Hesabu hiyo ilipigwa kwa uangalifu, haikuwa mchezo.

Matokeo mnayajua kwa uvumi, leo yasikieni rasmi. Kati ya watu 22, ni 5 tu waliotofautiana kwa alama moja au pungufu. Mimi mwenyewe niliupa 16, kisha 13. Karatasi moja ilisema juu ya glasi ya 3: "Umekomaa, una harufu ya ngozi na tumbaku, unakaa mdomoni," alama 18. Juu ya glasi ya 9, karatasi ileile, mwandiko uleule: "Mwepesi, umepwaya, hauna la kusema," alama 11.

Imesemwa kwamba jagi liliuingiza mvinyo hewa. Hewa hubadilisha mvinyo kweli, sikatai. Lakini kama ingekuwa hewa, ingetuvuta wote upande mmoja. Watu 9 walipandisha alama, 10 walishusha, 3 walibaki palepale. Imesemwa pia kwamba mwenyekiti aliwategea wanachama mtego. Ndugu zangu, kipimo kinachotangazwa si kipimo. Ningesema mapema kwamba kuna glasi inayojirudia, wote mngekaa kuitafuta badala ya kuonja.

Lawama moja naipokea. Alama zile zilisomwa na majina. Zilisomwa hivyo kwa sababu ndivyo tulivyosoma karatasi zote tangu chama kianze, sikubuni utaratibu wa kumwaibisha mtu. Hata hivyo nilipaswa kuona mbele, sikuona, na wenzetu wawili hawajarudi tangu usiku ule. Nawaomba radhi hapa hadharani. Kuanzia kikao cha 5 karatasi zina namba tu.

Lakini tazameni tulichokipata. Tanini, ile dutu ya ukakasi iliyomo kwenye mvinyo mwekundu, hushikana na protini za mate, mdomo ukakauka na ukakasi ukazidi glasi baada ya glasi. Anayefika glasi ya 9 akiwa ametoka kwenye myekundu minane haonji kwa mdomo uleule wa glasi ya 3. Kwa hiyo tumepunguza mivinyo ya kikao kutoka 12 hadi 8. Nusu ya meza huanza glasi ya kwanza, nusu huanza ya mwisho. Na alama ya chama sasa ni ile ya katikati karatasi zikipangwa kutoka chini kwenda juu, ili 18 ya mtu mmoja au 6 ya mwingine isiburute wote. Haya yametokana na chupa ile ya marudio. Kamati itairudia mwaka ujao, na kama zamani, hamtaambiwa ni lini.

Kuhusu chupa aliyotuletea mzee wetu, aliyoitunza miaka mingi, ikashika nafasi ya 10 kati ya mivinyo 12: nilikwenda kwake mimi mwenyewe, tukakaa, tukazungumza. Niliweka kidogo cha chupa ile, tukakinusa pamoja. Harufu ya kadibodi iliyoloa ilikuwepo, hafifu, lakini ilikuwepo. Ni kasoro ya kizibo. Kiasi kinachohesabika kwa sehemu chache katika trilioni kinatosha kuua harufu ya matunda, na mwenye chupa hawezi kuijua kabla ya kufungua. Mzee alielewa. Waliokuza jambo lile hawakuwepo mezani.

Wapo wanaotaka tuhamie alama za 100, zile zilizovumishwa na mhakiki wa mvinyo wa Marekani, Robert Parker, tangu 1978. Kamati imebaki na 20. Kipimo kile huanzia 50, na mivinyo mingi inayotangazwa hujazana kati ya 85 na 95. Kama hatuwezi kuurudia uamuzi wetu ndani ya alama 3 kwa 20, kubishana iwapo mvinyo ni 89 au 90 ni kujipa usahihi tusio nao.

Thamani ya pesa nayo ilileta maneno. Mwanachama mmoja alipendekeza, kwa nia njema, tugawe alama kwa bei. Tulijaribu. Mvinyo wa alama 10 kwa bei ya moja unapata 10. Mvinyo wa alama 17 kwa bei ya mara mbili unapata 8.5. Yaani mvinyo usio na kasoro wala uzuri unaushinda ule utakaoukumbuka kesho. Ukigawa hivyo, mshindi atakuwa chupa rahisi kuliko zote kila mwaka, na hakuna haja ya kuonja.

Tunachofanya sasa ni kulinganisha kila mvinyo na wenzake wa bei yake. Chupa, kizibo, lebo, usafirishaji, na mara nyingi kodi, hugharimu karibu sawa kwa mvinyo duni na mvinyo bora. Kwenye chupa ya bei ya chini kabisa, kilichomo ndani kimelipiwa kidogo sana. Ukiongeza bei kidogo, sehemu kubwa ya nyongeza inaingia kwenye zabibu na kazi ya mtengenezaji. Ukipanda sana, unalipia jina, ardhi na uhaba. Kwa hiyo thamani tuitafute hatua moja au mbili juu ya chini, na orodha zetu zote mbili zimeonyesha hivyo. Alama ya ubora inaandikwa kwanza, bei inatajwa, ndipo alama ya thamani inaandikwa kwenye safu yake. Atakayerudi nyuma kurekebisha ya kwanza baada ya kusikia bei, karatasi yake haitahesabiwa.

Nije kwenye mahudhurio na ada, na hapa nasema kwa uchungu.

Wanachama 46. Waliolipa ada kamili ni 19, waliolipa nusu ni 8, ambao hawajalipa hata senti ni 19. Wastani wa mahudhurio ni watu 14, kikao cha chini kabisa watu 6. Kikao kilichojaa, watu 31, ni sherehe ya kufunga mwaka, ambapo chupa hazikufunikwa na karatasi hazikugawiwa. Kati ya hao 31, kumi na mmoja walikuwa hawajalipa ada.

Chupa moja inatoa glasi 15 za kuonja. Wakifika 16 lazima ifunguliwe ya pili, na chupa ya pili hailipiwi na salamu. Wanaothibitisha kuja wasije wanatutia hasara. Wasiothibitisha wakaja wanatutia hasara vilevile. Vikao vitatu mwaka huu nimevigharamia kutoka mfukoni mwangu, na Mweka Hazina ana maandishi yake, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Sidai kurudishiwa. Nadai kila mtu alipe cha kwake.

Na jambo dogo ambalo nimelisema mara nyingi: usije kwenye kikao umejipaka manukato. Unaweza kuwa mtu mwema na umelipa ada yote, lakini watu watatu kila upande wako hawanusi glasi zao, wanakunusa wewe. Ndoo za kutemea pia ni za wote, si za wageni tu. Anayemeza glasi 8, karatasi yake ya mwisho inasomeka kwa shida na haitusaidii.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuongeza mivinyo myeupe, kupata kabati la kutunzia chupa kwenye joto lisilopanda na kushuka, na pengine kumwalika mtengenezaji wa mvinyo aje azungumze nasi. Mipango itategemea mfuko. Kuna mawazo ya kufanya vikao vya asubuhi, wakati ulimi bado haujachoka, nayo kamati itayatafakari.

Wenzetu wawili walioondoka nimewaandikia. Mmoja amejibu kwamba atafikiri. Viti vyao bado vipo, na namba zao kwenye karatasi, 7 na 15, hatujampa mtu mwingine.

Kikao cha kwanza cha mwaka kitakuwa cha mivinyo myekundu 8. Mweka Hazina yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi, na mifuko ya chupa imeshafuliwa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti