Usiiuze amplifaya, Masanja

Mwanga, Kigoma

Ndugu yangu Masanja,

Habari za siku nyingi? Huku sote wazima, mama anakusalimu, hofu ni kwenu huko Isevya. Migebuka imepanda bei, na Rama karudi kutoka Uvinza na maneno yake yaleyale. Salamu nyingine zitafuata, maana lililonishikisha kalamu lina haraka: Rama ananiambia umeshapata mtu wa kuinunua amplifaya yako ya gitaa. Usiiuze! Walau soma barua hii mpaka mwisho kwanza.

Nimekisikiliza kile kipande ulichonirekodia, tena kwa hedifoni, watu wamelala. Mkono wako hauna tatizo. Unapiga kwenda chini tu, kama thrash, ule muziki wa metali wa kasi, inavyotaka, na kasi unayo. Ila kila ukiziba nyuzi kwa kiganja pale kwenye brigi (nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa) na kugonga uzi mnene, sauti inavimba, inaifunika noti inayofuata. Wewe ukadhani dawa ni geini zaidi (ile nguvu inayoikuza sauti mpaka ikwaruze) na spika kubwa zaidi. Hapana, kaka. Besi imeingia nyingi mno kabla sauti haijaanza kukwaruzwa.

Fikiria: uzi wa sita ukiwa wazi unatoa kama hezi 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde. Ukiuziba kwa kiganja, kishindo chote kinakusanyika huko chini. Kikiingia kizima kwenye geini, ndicho kinachotangulia kupasuka, na kikipasuka kinaburuza noti zote. Utasema, basi si nipunguze besi kwenye amplifaya? Haitoshi. Kwenye Marshall JCM800, mashine ambayo Kerry King wa bendi ya thrash ya Slayer ameipiga miaka na miaka, nobu (vifundo vya kuzungusha) za besi, midi (sauti za kati) na trebo (sauti kali za juu) ziko baada ya geini. Kuipunguza besi pale ni kama kuwaosha dagaa mchanga wakati wameshaiva.

Ndiyo maana watu wanatanguliza pedali ya ovadraivu, kile kisanduku cha kukanyaga kinachokaa kati ya gitaa na amplifaya, Tube Screamer ya Ibanez au SD-1 ya Boss. Siyo kwa ajili ya mkwaruzo wake! Nobu yake ya draivu (mkwaruzo) unaishusha hadi sifuri au karibu na hapo, toni katikati, levo (ukubwa wa sauti inayotoka) unaipandisha juu kabisa. Tube Screamer inayakuza kidogo masafa yaliyo chini ya hezi 720 hivi, na yaliyo juu ya hapo inayasukuma zaidi. Kwa hiyo amplifaya inapokea midi iliyosimama na besi iliyopungua, na kila pigo linakatika safi. Ukishaiwasha, punguza geini ya amplifaya. Najua kidole chako hakipendi, lakini punguza. Geini ikizidi, hata mkono mzuri hausikiki, na ukinyamaza kati ya mapigo unabaki mvumo mtupu. Ile pedali ya geti usiikimbilie kwanza. Inakata kelele ya kwenye kimya tu, noti zilizokwisha vurugika haiziponyi.

Kuna waliopita njia nyingine. James Hetfield, mpiga gitaa wa Metallica, kwenye albamu yao ya 1986 alitumia amplifaya ya Mark IIC+ ya Mesa/Boogie. Mle nobu za toni ziko kabla ya geini kubwa, kwa hiyo besi unaishusha karibu na sifuri, kisha unairudisha mwishoni kwa ikwalaiza yake ya slaida tano, kuanzia hezi 80. Mtu anasikia mlio mnene anadhani besi ilijaa tangu mwanzo, kumbe iliondolewa mlangoni ikarudishwa sebuleni.

Na midi, tafadhali. Chumbani ukizikata zote unajiona bingwa, ila akianza mpiga ngoma na gitaa la besi, wewe hupo. Wewe ni mtoto wa Tabora, sina haja ya kukufundisha hili. Wasikilize tena Tabora Jazz wa miaka ya 1970: gitaa la rizimu halishuki kugombana na besi, linakaa pake na unalisikia kila linapogusa. Muziki tofauti kabisa, lakini kanuni nakuapia ni hiyohiyo.

Basi nimempa Rama SD-1 yangu, anapanda treni ya huko wiki hii. Usiichomeke kwenye adapta yoyote utakayoiokota: inataka volti 9, na hasi iwe katikati ya plagi. Kama huna uhakika weka betri. Kaa nayo hata mwezi. Ukishaijaribu kwa draivu sifuri na sauti ya kutosha (si ile ya kunong'ona usiku, spika haitingishiki), na bado ukaiona amplifaya haifai, iuze, nami sitasema neno. Lakini amplifaya hiyo tuliibeba wote kutoka stesheni, na inauma kuona inaondoka kwa kosa ambalo si lake.

Nyuzi je? Ulizibadilisha lini? Bado unatumia zile nyembamba za 9, au umepanda kwenye 10 hadi 46, zilizo nene zaidi? Zilizolegea nazo zinayumba ukizigonga. Halafu pikapu ya brigi (ile sumaku inayonasa mlio wa nyuzi) umeisogeza karibu mno na nyuzi? Na huyo mnunuzi, umeshachukua hela yake au ni maneno tu? Kama umechukua, ni kiasi gani, tuone namna ya kurudisha? Safari yako ya Dar bado ipo? Ukifika Kariakoo nitafutie seti za nyuzi za 10, hela nitamtumia dada yako. Mzee Kalinga miguu inamsumbua bado? Na yule mpiga ngoma wa Ng'ambo, amekubali au anaringa?

Nijibu kabla hujampa mtu huyo chochote. Piga simu ikibidi, hata usiku.

Wako,
Hamisi